Mwenye Tumbo au Mwenye Yai

"Toa mikono tumboni, Leti! Huyo si wako!"

Scholastika alikuwa ameshika mkasi wa kukatia vitambaa. Mdogo wake Leticia, mwenye mimba ya miezi tisa, alibanwa ukutani sebuleni kwake mwenyewe, ghorofa ya tatu, mtaa wa Mchafukoge, Dar es Salaam.

"Dada, si ulinipa yai mwenyewe? Kliniki tulienda wote, ukasaini!"

"Nilikupa kabla sijaachika! Sasa sina mume, sina mtoto. Na mumeo ameniandikia. Soma!"

Alimsukumia simu usoni mpaka pua ikatoka damu. Ujumbe ulisema:

"Shem, nimemuuliza rabi. Kwa sheria yetu sisi Wayahudi, wanazuoni hawajakubaliana. Wengine wanasema mama ni mwenye tumbo, wengine mwenye yai. Huenda mama ni wewe. Leti asijue."

Leticia alihisi moyo unapasuka. Kwa ajili ya mumewe, Adamu, aliacha kanisa, akasomea dini yake miaka miwili, akaingia. Halafu mwanaume mjinga yule anaenda kumwandikia shemeji!

Alikimbilia mlangoni. Scholastika akamvuta rasta, akambamiza kwenye kabati. Mkasi ukampasua kiganja. Leticia akampiga teke la goti, wakaanguka wote, na maji ya uzazi yakamwagika sakafuni.

Leticia alimpigia simu mumewe.

"Namba unayopiga haipatikani."

Ilikuwa Jumamosi. Adamu huzima simu tangu Ijumaa jioni kwa ajili ya Sabato.

Scholastika aliinua mkasi tena. Hapo mlango ukafunguliwa, Adamu akaingia, ametoka kwenye sala. Aliudaka mkasi kwa makali yake, vidole vikachanika, akamtupa shemeji yake nje. Majirani waliosikia kelele walimpokea ngazini kwa ngumi na mateke mpaka polisi walipofika.

Adamu alinyakua simu ya mkewe, akaita teksi.

"Leo Sabato," Leticia alisema huku akihema.

"Kuokoa roho ya mtu kunaruhusu kuivunja Sabato. Hilo halina mjadala!"

"Hilo unalijua. Mama wa mwanao ndiye hukumjua?"

Adamu alilia njia nzima.

Mtoto wa kike alizaliwa saa tisa alasiri, mzima.

"Jina la mama?" nesi aliuliza.

"Mama ni..." Adamu alianza.

"Wewe nyamaza. Nesi, andika Leticia."

"Na baba?"

Leticia alimtazama mumewe, shati limelowa damu. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mwandike Adamu. Lakini nyumbani asikanyage mpaka nimwite."