Mkono wa Mamake Amou

Kila asubuhi Nakeno alichota maji kwenye bomba la misheni kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Lodwar. Aliporudi na mtungi kichwani, alimkuta mama yake, Namuria, ameketi mlangoni akisuka kikapu cha mkoma, daftari limefunguliwa gotini. Mama alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru. Jioni alikwenda kwenye darasa la watu wazima kanisani, na asubuhi alirudia alichofunzwa.

"Ba-ra-ka," alisoma polepole. "Baraka! Neno hili nilionyeshwa na mzee Asekon, yule anayekaa nyuma yangu darasani. Mungu ambariki mzee huyo."

Akafunga macho na kumwombea mzee Asekon palepale, kisha akauombea uji, kisha safari ya Nakeno ya kwenda shule. Nakeno alikunywa uji haraka, akakimbia. Hakutaka kuchelewa, kwa kuwa mwaka huo, 1996, alikuwa amechaguliwa kuwa mama katika mchezo wa kuigiza wa shule yao.

Mchezo ulihusu familia inayokimbia ukame. Aliyewafundisha alikuwa Mwalimu Lomenen, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Mwalimu huyu alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi wengine waliicheka. Mazoezi hayakuanza mpaka awe ameomba, na baada ya kuomba aliwataja watu.

"Nabei wa Lorugum," alisema siku hiyo, "alinifunza kunyamaza. Mtu mwingine akinyamaza jukwaani, mnajua amesahau maneno. Nabei akinyamaza, watu wa nyuma husimama waone kuna nini. Halafu Namuar. Huyo nilimfundisha katika chumba hikihiki, akiwa mfupi kuliko kiti hiki. Leo ni muuguzi. Akiigiza mgonjwa wa kipindupindu sokoni, watu hurudi nyumbani kunawa mikono. Yeye amenifunza kwamba mchezo unaweza kuponya."

Baada ya hapo kila mwanafunzi aliulizwa swali lilelile: "Na wewe, ulicho nacho leo umepewa na nani?"

"Mwendo wangu nimepewa na ngamia wa mjomba," akajibu Ekiru, aliyeigiza ngamia. "Ila yeye amenizidi adabu kidogo."

Wote wakacheka, na Mwalimu pia. "Sawa. Msalimie. Hata ngamia atajwe."

Tatizo la Nakeno lilikuwa pale mama anapofika mwisho wa safari. Aliambiwa aonyeshe uchovu na huzuni. Alijitupa chini akalia kwa sauti kubwa, na kila mara Ekiru alinong'ona, "Ee Bwana! Nani amempiga risasi huyu?"

Majuma mawili kabla ya mashindano ya wilaya, Mwalimu aliwapeleka Kakuma kufanya mazoezi pamoja na shule moja ya kambini. Walisafiri kwa lori la chakula cha msaada, katika msafara wenye ulinzi wa polisi, wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mahindi. Walipofika, nywele zao zote zilikuwa na rangi ya vumbi.

Shule ile ilikuwa ya wakimbizi waliotoka kusini mwa Sudan. Mwalimu wao, Mwalimu Gai, naye alikuwa mkimbizi. Mchana, watoto walipokuwa wakila, Nakeno alikwenda nyuma ya jiko kujaribu tena sehemu yake peke yake. Alijitupa chini. Alipoinua kichwa, alimwona msichana mwembamba akimtazama. Alikuwa Amou, mwanafunzi wa Mwalimu Gai.

"Wewe unaanguka kama gunia," Amou alisema.

"Basi nionyeshe wewe, kama unajua."

"Mimi sijui kuigiza. Najua mama yangu. Sisi tulitembea siku nyingi. Mama alichoka, lakini hakuanguka. Akifika mahali, kwanza anashika mchanga, aone kama ni moto. Halafu anakaa. Halafu anahesabu sisi."

Amou akakaa chini. Akanyoosha mkono, akagusa hewani kana kwamba anagusa vichwa vya watoto. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Mkono ukaenda mahali pa nne ukasimama hapo, juu ya mahali pasipo na kitu. Haukutetemeka. Ulikaa tu.

"Hapo alikuwa Majok, kaka yangu," Amou alisema. "Mpaka leo mama akitugawia chakula, mkono unasimama hivyo."

Nakeno alikaa mchangani karibu naye. Mwishowe akauliza kwa upole, "Naweza kuufanya katika mchezo wetu?"

Amou alifikiri. "Fanya. Sisi pia tuko na mchezo wetu, mimi nitafanya huo huo. Lakini sema ni wa mama."

"Nitasema," Nakeno akaahidi.

Waliporudi Lodwar, Nakeno aliufanya mkono ule kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake. Chumba kizima kilitulia. Hata Ekiru alisahau kuwa ngamia. Mwalimu Lomenen alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Nakeno," alisema, "hicho umepewa na nani?"

Jina la Amou lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama kama hawajawahi kumwona, na kutazamwa namna ile kulikuwa kutamu.

"Nimefikiria tu, Mwalimu. Mwenyewe."

Mwalimu alirudisha miwani usoni. "Basi Mungu ndiye amekupa," akasema, na mazoezi yakaendelea. Nakeno alijiambia kwamba atasema kweli siku nyingine. Siku hiyo haikufika.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa shule moja ya sekondari mjini Lodwar. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama Namuria alikaa mstari wa tatu akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Shule ya Nakeno ilicheza kwanza. Mkono wake uliposimama hewani, mwanamke mmoja alisikika akisema, "Ee Mungu wangu." Mchezo ulipokwisha, watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Mwamuzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimwita mbele.

"Mwanangu, nimeamua michezo miaka mingi. Mkono ule ulifundishwa na nani?"

"Nimeutunga mwenyewe," Nakeno akasema. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Shule ya Kakuma ilifuata. Amou aliingia akiwa mama aliyekimbia vita. Alishika mchanga. Akakaa. Akaanza kugusa vichwa: kimoja, cha pili, cha tatu. Mkono uliposimama, minong'ono ilianza.

"Si ni ule wa yule msichana wa kwanza?"

"Wameiga!"

"Wezi!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, na watu wengine wakacheka.

Amou aliendelea mpaka mwisho bila kuteremsha uso. Makofi yalikuwa machache. Waamuzi waliinamiana wakanong'onezana, na mapumziko yalipoanza walimwita Mwalimu Gai. Habari zilienea upesi: shule ya Kakuma ingeondolewa mashindanoni kwa kuiga kazi ya wenzao.

Nje, Mama Namuria alikuwa ametandika kanga chini na kuweka sufuria ya maharagwe. Alimkumbatia binti yake.

"Tuombe kwanza," alisema. "Baba, nakushukuru. Mimi kila neno lazima nionyeshwe na mtu, lakini mtoto wangu umempa akili ya kujua bila kufundishwa na mtu yeyote. Asante, Baba. Amina."

Alisubiri amina ya Nakeno. Nakeno hakuiitikia, akageuza uso.

"Una nini? Mwili una joto?"

"Sina njaa, mama."

Aliinuka akaenda upande wa tangi la maji. Amou alikuwa amekaa hapo, mikono mapajani. Hakuwa akilia.

"Amou, mimi..."

"Kama unataka kikombe cha ushindi, chukua," Amou alisema bila kumtazama. "Kikombe si kitu. Lakini sasa watu wote hapa wanajua mkono ule ni wako. Mimi nikirudi nyumbani, mama ataniuliza watu walisema nini juu ya Majok. Nitamwambia nini? Kwamba walicheka?"

Hapo Nakeno alielewa. Kumbe hakuwa amechukua mtindo wa kuigiza. Alikuwa amechukua huzuni ya mtu, akaiandikia jina lake mwenyewe.

Alimkuta Mwalimu Lomenen nyuma ya ukumbi, akamweleza yote bila kuacha kitu, kuanzia nyuma ya jiko. Mwalimu hakumgombeza. Alikaa kwenye ngazi.

"Unajua kwa nini mimi hutaja watu?" aliuliza. "Nilipokuwa kijana niliigiza mbele ya wakubwa wa wilaya. Walinisifu kwa namna nilivyonyamaza. Wakauliza nimejifunza wapi, nikasema ni kipaji changu. Nabei alikuwa amesimama pale nyuma ya pazia. Alisikia. Hakunisuta, lakini hakuigiza nami tena kwa miaka minne. Siku nilipokwenda Lorugum kumwomba msamaha, aliniambia, 'Nilidhani nimekuwa hewa.' Neno hilo sijalisahau. Tangu siku hiyo namtaja kabla ya kila kazi."

"Mwalimu, nikisema, tutashindwa. Wenzangu watanichukia."

"Huenda mkashindwa. Mimi nitasimama kando yako. Lakini mdomo ni wako."

Nakeno aliinamisha kichwa akaomba kimoyomoyo. Hakuomba wasishindwe. Aliomba miguu yake isigeuke njiani.

Waamuzi waliporudi kutangaza matokeo, Nakeno alikuwa tayari jukwaani. Ukumbi ukanyamaza.

"Nilisema uongo," alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia kwa nguvu. "Nilisema uongo mara mbili. Mkono ule sikuutunga. Ni mkono wa mamake Amou wa Kakuma. Alikuwa akihesabu watoto wake njiani, na mmoja hakuwepo. Aliitwa Majok. Amou alinifundisha, akaniomba niseme ni wa mama yake, nikanyamaza. Hakuna mtu wa Kakuma aliyeiga. Mimi ndiye niliyechukua."

"Ngamia amekufa sasa," Ekiru alinong'ona kwa huzuni. Hakuna aliyecheka. Kule dirishani, kijana aliyepiga kelele aliteremsha macho.

Mwamuzi mkuu akamwita Amou. "Binti, kabla hatujasema jambo lingine, nakuomba uingie tena. Tunataka kuuona mkono wa mama yako tukiwa tunajua ni wa nani."

Amou alirudi jukwaani. Alishika mchanga, akakaa, akahesabu. Mkono uliposimama hewani, ukumbi mzima ulisimama nao, mtu mmoja mmoja, mpaka wale wa mbele kabisa.

Shule ya Kakuma ilichaguliwa kwenda kwenye mashindano ya mkoa. Shule ya Nakeno ilikuwa ya nne, na kikombe cha mwigizaji bora, ambacho jina la Nakeno lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi yake, alipewa Amou. Nakeno alipiga makofi mpaka viganja vikauma, ingawa machozi yalimtoka.

Mama Namuria alimngoja mlangoni. Nakeno aliogopa kumtazama.

"Ile sala yangu ilikuwa na kosa," mama alisema. "Mungu haoni vibaya mtu akisahihisha daftari. Njoo tusahihishe."

Wakainamisha vichwa palepale, watu wakipita. Mama akamshukuru Mungu kwa ajili ya Amou, kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya Majok. Safari hii Nakeno alisema amina kabla mama hajamaliza.

Jumatatu wenzake walikuwa baridi. Wengine hawakumsalimu. Mwalimu Lomenen aliwakusanya, akaomba, kisha akasema:

"Mmekasirika, na mna haki. Lakini nisikilizeni. Kwetu Waturkana mnyama akichinjwa, nyama haiokotwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kulingana na umri na heshima yake. Mwenye kula kipande cha mwenziwe hata akishiba, watu humwangalia kama mwenye njaa. Sifa nayo ni nyama. Igawe sawasawa. Ukimpa mwenzako sehemu yake, yako haipungui. Ukiila yake, hata yako inageuka uchungu. Nakeno alikula kisicho chake, kisha akakirudisha mbele ya watu wote, huku akijua ataadhibiwa. Kuiba ni rahisi na kujuta sirini ni rahisi. Kurudisha mchana ndiko kugumu."

Kisha akawataja watu wake kama kawaida. "Nabei, aliyenifunza kunyamaza. Namuar, aliyenifunza kwamba mchezo huponya. Amou wa Kakuma na mama yake, walionifunza kuhesabu." Akamgeukia Nakeno. "Na Nakeno wa Darasa la Saba, aliyenifunza kwamba mtu anaweza kurudi jukwaani siku ileile. Mimi ilinichukua miaka minne."

Ekiru akamsogezea Nakeno nafasi kwenye benchi. "Keti, mama. Ngamia wako amefufuka."

Juma lililofuata, lori lililobeba wanafunzi wa Kakuma kwenda Kitale lilisimama Lodwar kujaza mafuta. Nakeno na wenzake walikimbia kulilaki, wakipunga mikono. Amou aliinama kutoka juu ya lori. Alinyoosha mkono, akaanza kugusa vichwa vyao kama mama yake: cha Ekiru, cha jirani yake, cha mwingine. Mkono ukafika kwa Nakeno, ukasimama.

Kisha ukashuka taratibu, ukatulia juu ya kichwa chake.