Simusikivu na Jina la Baba Mkwe

Simusikivu ya Bibi Tupokigwe haikuwa na pa kubonyeza. Ilikuwa bapa jeusi lililoegemezwa kwenye sufuria, naye alimenya ndizi huku akiiamrisha kama mbwa wa jirani.

"Fungua ukurasa wa ardhi."

Ukurasa ukafunguka.

"Shuka chini. Chini zaidi. Basi!"

Ikatii. Siku hizo mjini Tukuyu hakuna aliyegusa kioo tena. Simu ilimtambua mwenyewe kwa mtetemo wa koo lake, hata akiwa na mafua, ikamletea mtandao mzima kwa maneno tu. Vidole vilibaki vya kulia chakula.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Ikifika saa sita bila yeye kupinga, migomba aliyoilea miaka hamsini ingekatwa kupisha reli ya kituo cha roketi.

"Ili kuweka pingamizi," ikasema simu kwa sauti tamu ya muuza sabuni, "tamka jina kamili la mmiliki wa kwanza."

Kisu kikasimama. Mmiliki wa kwanza alikuwa baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana hatamki jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini.

"Ni baba wa mume wangu."

"Samahani. Tamka jina."

"Mzee mrefu, mwenye pengo, mpenda maziwa ya mgando."

"Samahani. Tamka jina."

"Hata uombe samahani mara mia, silitamki! Niitie mtu mwenye damu."

Kiooni ikatokea sura ya Mhandisi Ambakisye, aliyeutengeneza ukurasa ule.

"Bibi, tamka tu. Hakuna anayekusikia."

"Mimi sina masikio?"

"Lakini ukinyamaza, mfumo unaandika 'hana pingamizi'."

"Eti! Wewe mtoto wa wapi?"

"Busokelo, bibi."

"Na mama yako huwa anamtaja babu yako kwa jina?"

Hapo Ambakisye akakumbuka. Mwaka uliopita shamba la mama yake lilichukuliwa. Mfumo uliandika 'hana pingamizi', naye akaamini mama amekubali, hata akamlaumu. Kumbe mama alishinda siku nzima mbele ya kioo, midomo kaifumba.

"Sema 'onyesha namba'," akasema taratibu. "Ni amri yetu sisi mafundi."

Bibi akasema. Namba zikachomoza juu ya kila kitu ukurasani, pamoja na orodha ya wamiliki wa kale. Akaikodolea macho mpaka akaiona namba iliyokaa kwenye jina lile.

"Bonyeza kumi na nne."

"Thibitisha kwa kutamka jina," ikasema simu.

"Lisome wewe. Wewe hujaolewa hapa."

Simu ikalisoma lote, kwa madaha. Bibi akajifunika uso kwa kanga, kama inavyompasa mkamwana.

"Hilohilo. Napinga!"

"Pingamizi limepokelewa."

Ambakisye akashusha pumzi, akataka kuaga.

"Unakwenda wapi? Fungua shamba la mama yako."

"Limeshafungwa, bibi. Siku zake za kupinga zilipita."

"Zilipita kwa nani? Mama yako hajasema neno bado." Bibi akachukua ndizi nyingine. "Mwite. Na awaite wakamwana wote wa Busokelo. Leo simu yenu itasoma majina ya wakwe zetu mpaka ikauke koo."