Nyumba ya Skrubu

"Mzee Hatibu, bati za huku Kinole tunapiga misumari. Hizo skrubu unazozitaka za nini?"

Fundi Tomasi aliuliza hivyo akiwa juu ya ngazi, anapima kenchi. Mume wangu alikuwa chini, ameshika ncha ya futi kamba.

"Skrubu ni imara."

"Imara, ndiyo. Na zinafunguka kwa bisibisi."

"Wewe pima, Tomasi."

Mimi nilikuwa kizingitini natoa vikonyo kwenye karafuu zilizobaki. Karafuu ndizo zilizotupa fedha ya kukarabati nyumba hii niliyoachiwa na mama yangu. Matofali yake ya udongo yalishaanza kumeguka upande unaopigwa na mvua. Tulikuwa bado kwenye kupanga, hatujanunua kitu.

"Baba Yasmin, hebu nitajie tena," nikasema.

"Bati mpya. Milango miwili ya mninga. Madirisha ya chuma, yafungwe kwa nati. Tanki la maji. Sola."

"Na sakafu?"

"Mwakani."

"Plasta?"

"Mwakani, mke wangu. Fedha ina mwisho."

"Tanki la nini na bomba lipo uani? Wajukuu wanaamka na vumbi puani kwa hii sakafu ya udongo."

Tomasi akacheka huko juu. "Mama, mzee anajenga nyumba ya kubeba. Siku akihama anawaachia kuta."

Alikuwa anatania. Lakini Hatibu hakucheka. Aliiachia futi kamba, ikajirudisha yenyewe ndani ya kasha lake.

Fundi alipokwenda kula, nikamsogelea Hatibu.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Umechagua vitu vya kung'oa tu."

Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Nyumba ni ya lukolo wenu, Mwanaheri."

Ndivyo tulivyo sisi Waluguru. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama, mwanamume akioa anakaribishwa.

"Wajukuu wamekuita babu humu ndani, Hatibu. Bado unajiona mgeni?"

"Wewe hutanifukuza, najua. Ukitangulia je? Kaka yako Hashimu atakuja na wazee, watanipa chai, kisha waseme, 'Ahsante, shemeji, kwa kututunzia dada yetu. Sasa rudi kwenu.' Baba yangu aliambiwa hivyo ilipokwisha arobaini ya mama. Nyumba nzima aliipiga plasta kwa mikono yake. Alitoka na redio tu."

"Kwa hiyo miaka yote hii unalala kwangu kama msafiri."

Alichukua panga akapanda mlima kwenda shambani.

Nikampigia kaka yangu, yuko Mafiga mjini, ndiye mkubwa wa ukoo wetu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Ukarabati unaendaje?"

"Nikifa kabla ya Hatibu, mtamfanyaje?"

"Mbona swali zito hivyo na jua liko utosini?"

"Nijibu tu, kaka."

Akashusha pumzi. "Nyumba itakuwa ya Yasmin na wenzake. Shemeji ana ukoo wake. Hilo unalijua."

Nililijua. Ndiyo maana sikuwa na cha kumgombeza. Nikavaa miwani, nikamwandikia mume wangu ujumbe wa simu polepole:

"Baba Yasmin, tusikarabati hapa. Twende Tegetero kwenye ukoo wa mama yako, tujenge huko. Mgeni niwe mimi."

Jibu lilikuja alasiri: "Nikitangulia, ndugu zangu wakikwambia urudi kwenu?"

"Nitarudi. Lakini wewe utakuwa umeishi kwako."

Alishuka kabla ya magharibi, mkungu wa ndizi begani. Akasimama mbele yangu bila kuutua.

"Uache shamba la mama yako ukakae kwa watu, kwa ajili ya woga wangu?"

"Si woga. Ya baba yako uliyaona kwa macho."

"Na ungehama kweli?"

"Mikeka nimeshaikunja."

Akachungulia ndani, akaiona imesimama ukutani. Akatua ndizi. Alianza kwa kucheka, akamalizia kwa kujifuta macho na mkono wa shati.

"Ikunjue. Nipe hiyo simu."

Nikampa, akampigia kaka yangu kwa spika.

"Shemeji Hashimu, sikuombi ardhi. Mwanaheri akitangulia nitatoka, desturi ni desturi. Naomba kitu kimoja. Popote nitakapofia, mnilaze kwenye makaburi yenu, kando yake."

Hashimu akajibu palepale.

"Hilo halihitaji kikao, shemeji. Umekubaliwa. Ila msifanye haraka, nauli ya kuja kuzika imepanda."

Asubuhi Tomasi alirudi na ngazi yake.

"Tomasi, tanki, sola na mninga tumeviacha," Hatibu akamwambia. "Bati weka. Halafu nipigie hesabu ya saruji, sakafu vyumba vyote, plasta ndani na nje."

"Mzee, plasta haibebeki."

"Najua. Unaanza na chumba gani?"

"Chenu, kama hamjali."

Hatibu akavua viatu, akaingia, akainama kwenye mguu wa kitanda chetu.

"Mama Yasmin, shika upande wako," akasema.

Nikashika. Tukakitoa nje, fundi apate nafasi.