Kikomo Kisichorudi Chini

"Chumvi imeingia maji."

Maneno matatu tu, kisha simu ikakatika.

Kozi aliijua ishara hiyo ya mtoa habari wao. Shemeji yake amegunduliwa.

Mke wa kaka yake. Jasusi mwenzake, aliyejipenyeza miezi mingi ndani ya genge la wauza silaha. Sasa, kwa desturi ya genge hilo, alikuwa amefungwa kamba chini ya sakafu ya lori. Lori lipi? Yadi ya forodha ilikuwa na malori arobaini, yote meupe, yote yakisogea langoni.

Skana ya lango pekee ndiyo iliyoona matumbo ya malori. Na picha zake zilikuwa zimeacha kufika.

Kozi alipanda ngazi mbilimbili huku redio ya Motorola ikiwa mdomoni.

"Mkuu, funga lango!"

"Nikifunga watashtuka, watammaliza kabla hatujamwona. Nipe picha."

"Na nisipoweza?"

Kozi akausukuma mlango kwa bega.

Chumba cha seva kilikuwa baridi kama mochari. Injinia, msimamizi wa mitambo, alikuwa ameegemea kabati akitafuna chingamu ya bazoka.

"Pole, bosi. Mashine imezeeka kama mwenyewe," akasema. "We zima, washa. Dakika nne tu itaamka kama mtoto aliyenyonya."

Kidole cha Kozi kilikuwa tayari juu ya swichi.

Akasita. Skrini ilikuwa imejaa mstari uleule: nafasi ya bafa imekwisha.

Mashine iliendeshwa na FreeBSD, mfumo wa bure ambao yeyote anaweza kuufungua na kuukagua. Bafa zake, sehemu data inapongoja, ni kama viti vya wagonjwa nje ya chumba cha daktari. Viti vikijaa, anayefika anafukuzwa. Hapa mtu alikuwa akimimina takataka mtandaoni, na picha za skana zilikosa pa kukaa.

Lakini viti mbona vichache hivi?

Akafungua faili linalosomwa mashine inapowaka. Kikomo cha bafa kilikuwa elfu nane. Faili lilibadilishwa asubuhi ile.

Kuzima na kuwasha kungerudisha elfu nane ileile. Na katika dakika nne za giza, lori lingekuwa limeshapita.

"Bosi, zima basi," Injinia akasema. Sauti haikuwa na mzaha tena.

Kozi alivuta kibodi karibu. Kikomo kingeweza kupandishwa mashine ikiwa hai. Ila ilikuwa na kumbukumbu ya giga nne tu. Sifuri moja ya ziada, takataka zingeimeza yote, ikafa. Na mfumo huu hukubali kupanda tu. Kushuka, mpaka uzime.

Mola wangu, shika vidole hivi.

Akaandika laki mbili na nusu. Akahesabu sifuri. Akahesabu tena. Akabonyeza.

Chuma baridi kikamgusa kisogoni.

"Irudishe," Injinia akanong'ona. "Elfu nane. Sasa hivi."

"Kaka, usinitanie na kitu hicho."

"Nakutania? Andika!"

Kozi akaandika elfu nane.

Mfumo ukakataa.

"Tena!"

Ukakataa tena.

Injinia akatukana, akanyoosha mkono kuifuata swichi. Ili kuifikia, ilibidi ainame begani kwa Kozi. Bastola ikapoteza shabaha, nukta moja.

Ilitosha. Kozi alishika kibodi kwa mikono miwili, akaishusha juu ya kifundo cha mkono wenye bastola. Bastola ile, Makarov, ikaanguka. Kiwiko kikafuata, tumboni. Injinia akaketi sakafuni, bazoka limemkwama kooni, macho yamemtoka.

Skrini ya pili ikawaka. Lori, matairi tu. Lori, saruji. Lori, saruji.

Lori, mtu aliyejikunja.

"Mkuu, lililo kwenye skana sasa hivi! Chini ya sakafu!"

Vyuma vya lango vikashuka. Risasi moja. Kelele. Picha ilionyesha mifupa tu. Haikuonyesha kama mtu anapumua.

Kozi alifumba macho. Midomo ilitembea bila sauti.

Redio ikakwaruza, ikaleta sauti ya kike.

"Shemeji?"

"Naam! Umeumia?"

"Kichwa kinauma. Umeniacha chini ya magunia ya saruji mchana kutwa. Kaka yako nitamweleza."

"Mweleze."

Kozi alimfunga Injinia kwa waya wa mtandao, akaiweka Makarov mfukoni. Akashuka ngazi polepole, bila kugeuka nyuma, kuelekea langoni.