Kiti Kisichokauka

Mdogo wangu wa kike, mtaa mzima unamwita Msasa, naye anaitika. Kazi yake ni kununua samani zilizotupwa na kuzifanya zitamaniwe. Meza iliyolegea miguu, kabati lililobanduka, fremu ya kioo isiyo na kioo: anavipitia kwa msasa, anaziba, anapaka rangi, na mimi mwenye cherehani namshonea mito na vitambaa. Ukiingia sebuleni kwake utadhani shemeji yangu ni waziri, kumbe ni fundi bomba, na kila kitu humo kilikuwa takataka ya mtu. Nayasema haya mapema ili usije ukaniambia sisi ni watu wa kuogopa vitu vya kale. Vitu vya kale ndivyo vinavyotulisha. Na ujue kabisa kwamba mpaka leo nina hasira, kwa hiyo kama unataka kusimuliwa kwa upole, nenda kwa mwingine.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Asubuhi Msasa alikwenda kwa dalali wetu, mwenye yadi ya vitu vya mkono wa pili nyuma ya kituo cha mafuta, akarudi juu ya gari la mizigo amekumbatia kiti kama bwana harusi. Kilikuwa kiti cha mikono, cha mbao nzito, na alikipata kwa bei ya kutupa.

"Dada, njoo uone mbao hizi! Siku hizi nani anakutengenezea kitu kama hiki?"

Nikakigusa. Mikono yake ilikuwa imelika pale viganja vinapokaa, vibonde viwili laini kama ndani ya kijiko.

"Huyu mtu alikikalia umri wake wote," nikasema.

"Alikikalia, sasa basi," akajibu, akawasha redio.

Msasa ana tabia moja ya kazi. Wenzake huacha mikwaruzo kidogo na kusema hapo ndipo penye uzuri. Yeye hataki. Alama ya mwenye kitu wa kwanza haiachi hata iwe ndogo vipi. Hukoroga unga wa mbao na gundi, akaziba kila palipolika, akasugua mpaka kitu kikawa kama hakijawahi kuwa cha mtu. "Mteja hanunui makalio ya mwenzake," ndivyo anavyosema, na wateja hucheka na kulipa.

Basi akaziba vile vibonde, akasugua, akakipaka kiti rangi ya kijani. Kesho yake asubuhi vile vizibo vilikuwa vimetoka, viko sakafuni vipande vipande. Miguu ya kiti imekauka, mgongo umekauka. Pa kukalia na mikono, bado pabichi. Msasa akalaumu gundi, akaziba na kupaka upya. Kesho yake vilevile. Akaenda kugombana na muuza rangi mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Siku iliyofuata nikainama mimi mwenyewe kuangalia ile rangi mbichi. Palikuwa na michirizi ya vidole, virefu, vyembamba. Nikajiambia ni vya Kidoti, ingawa Kidoti ana vidole vifupi vya mtoto.

Kidoti ni binti yake Msasa, na ndiye anayepigwa picha za kazi. Kila kiti kikimalizika, mama yake humkalisha, anampiga picha kwa simu na kuwatumia wateja. Kuna mteja alikuwa anasubiri kile kiti na Msasa alikuwa amechoka kungoja. Akatandika kitambaa juu ya rangi mbichi, akaweka mto wangu wa maua meupe, akamkalisha mtoto.

"Cheka, mwanangu."

Kidoti hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama mkubwa," akanong'ona, "kiti hiki kina magoti."

Tukacheka sisi. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka. Picha ikapigwa, mtoto akateremka, miguu ikakunjika chini yake, akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Hakusimama tena. Hospitali walimpima damu, wakampima mgongo, wakamgonga magoti kwa kinyundo, wakasema mtoto huyu mzima. Mzima gani asiyeweza kusimama? Tukarudi naye nyumbani amebebwa. Tukimlaza kitandani, tunamkuta chini, kando ya ukuta, mkono mmoja chini ya shavu na magoti ameyakunja. Tunamrudisha. Tunamkuta chini. Miguu yake ikaanza kuwa baridi kuliko mwili. Na alipozungumza, alinong'ona neno moja tu.

"Sina pa kukaa."

Shemeji alitaka kukichoma kiti. Akachukua na kiberiti. Nikamshika mkono.

"Ukikichoma, na hicho kilichomshika mwanao kitakwenda wapi?"

Akakaa chini akalia, mtu mzima yule. Mimi sikulia. Damu ilikuwa inanichemka, nataka mtu wa kumshika, na mtu wa kwanza niliyemfikiria ni dalali.

Tulimkuta yadini anakunywa soda.

"Kiti kile ulikitoa wapi?" Msasa akamuuliza.

"Mambo ya urithi. Mwenyewe marehemu."

Alijibu haraka mno, na macho yake hayakutulia. Nikamkamata ukosi wa shati mbele ya vijana wake wote, nikamwambia kuna mtoto anakufa, na akinidanganya tena nitamvua nguo palepale. Watu wananijua. Akatupakia kwenye gari lake, tukapitia nyumbani kuchukua kiti, akatupeleka kilikotoka.

Nyumba ilikuwa nzuri, si nyumba ya mtu mwenye shida. Aliyetufungulia alikuwa mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka. Nyuma yake niliona makochi mapya, bado yamevaa nailoni.

"Tunamtafuta mwenye kiti hiki," nikasema.

"Cha mama hicho. Mnakirudisha cha nini? Hapa kilikuwa kinajaza nafasi tu."

"Mama yako amekufa lini?"

Akanishangaa. "Nani kasema amekufa? Yupo ndani. Ila haketi tena, analala tu."

Nikamtazama dalali. Akaangalia viatu vyake. Walimuuza mtu angali hai, nilifikiri. Kitanda, kabati, kiti, kila kilichokuwa chake, wamempa dalali, na yeye anasikia vinavyoburutwa kutoka chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma. Kitupu. Kuta zilikuwa na alama za vitu vilivyoondolewa. Kando ya ukuta palikuwa na mkeka. Juu ya mkeka, bibi kizee.

Mkono mmoja chini ya shavu. Magoti ameyakunja.

Msasa akanishika bega. Kucha zake zikaniingia.

Bibi akageuza kichwa. Akautoa ule mkono chini ya shavu, akaukunjua kiganja taratibu kutuonyesha. Kilikuwa kijani. Kiganja chote. Rangi mbichi, inang'aa. Na shavu pia.

"Nyie ndio mnaoniziba?" akanong'ona. "Kila siku naondoa. Kila siku mnaziba."

Nikasema mimi, na nilisema kwa hasira, maana yule ni mtoto wetu.

"Bibi, umeonewa, naona. Lakini mtoto amekukosea nini?"

"Mtoto gani?"

Akafikiri. Kisha uso wake ukalainika, na huo ulainifu ndio ulionitisha kuliko kitu chochote.

"Ah. Yule mwepesi. Nilidhani mjukuu wangu amekuja kukaa nami. Hawa wa kwangu hawaji."

"Mwachie, bibi. Nakuomba."

"Sikumshika, mwanangu. Alikaa mwenyewe mapajani mwangu. Na mimi wameniweka chini. Angebaki juu ya nini?"

Nilijaribu kumchukia. Nilishindwa, na hasira yote ikamgeukia yule aliyesimama mlangoni na shati lake la pasi.

Tukakileta kiti. Msasa akapiga magoti, akaanza kuving'oa vile vizibo kwa bisibisi, kisha kwa kucha, analia, anaomba radhi, anang'oa. Vibonde vilipobaki wazi, tukamnyanyua bibi. Alikuwa hana uzito. Tukamkalisha. Viganja vyake vikaingia mahali pake, sawasawa, akafumba macho na kushusha pumzi ndefu.

Simu ya Msasa ikalia. Ni shemeji, anapiga kelele mpaka tukasikia wote. Kidoti amesimama. Anataka kula.

Nilimwambia yule mwanamume maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikamwambia kiti hiki kisitoke chumba hiki, unanisikia? Akasema anasikia.

Hakusikia. Mwezi haujaisha nikiwa kazini dalali akanipigia. Kile kiti kimerudi yadini, na mto wangu wa maua juu yake. Vijana wake wamekiuza kabla hajakiona, kwa mtu wa safari aliyepakia akaondoka. Hawamjui.

Sikumbuki nilivyofika kwa Msasa. Najua nilikimbia na kipande cha kitambaa mkononi. Kidoti alikuwa uani anaruka kamba. Nikamdaka, nikamshika miguu, nikaipapasa yote miwili. Ya moto. Ya mtoto. Akanicheka, "Mama mkubwa, unanitekenya!"

Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Ndipo wazo likaniingia. Kama hayuko hapa, bibi amekaa wapi?

Jibu lilikuja lenyewe, mchana kweupe, na rundo la mashati. Nilikuwa nakata kitambaa nikaona mlango unaingiwa na mtu aliyeinama. Nilidhani mzee. Alikuwa yule mwanawe bibi. Mgongo umepinda, mikono ameirudisha nyuma, vidole amevifungamanisha chini ya kiuno, mashati ameyatundika shingoni. Akaitenganisha kwa shida, akaweka mashati mezani pangu.

"Nimeambiwa wewe unajua kutoa madoa," akasema.

Nikafunua la kwanza. Juu ya mabega, upande huu na huu, alama za viganja. Kijani. La pili hivyohivyo. Yote. Hata alilovaa.

"Mama yako yuko wapi?" nikanong'ona.

"Nimemwacha mkekani. Hawezi hata kugeuka." Jasho lilimtiririka. "Dada, mgongo unaniua. Siwezi kulala. Siwezi kukaa. Nikikaa, napigwa kofi."

"Kakitafute kiti."

"Nimekitafuta. Sikioni."

Nilitakiwa kumwonea huruma. Sikumwonea. Niliyaona makochi yake mapya, nikamwona bibi na kiganja chake, nikamwona Kidoti kando ya ukuta na miguu ya baridi.

"Basi mbebe," nikamwambia. "Yeye alikubeba."

Nikamsukumia mashati yake. Akayakumbatia, akageuka. Mlango wangu ni mrefu, mtu hupita na mzigo kichwani. Na yeye alikuwa amekwisha kuinama nusu. Lakini alipofika pale akasita, akashuka chini zaidi, akapita pole pole, kama mtu anayejali asimgonge mwenzake.

Alipokwenda zake nikatoka kufunga. Kwenye ubao wa juu wa mlango, mahali ambapo hata mimi sifiki bila kupanda kiti, palikuwa na alama mbichi za vidole vinne. Virefu, vyembamba. Bibi alijishikilia pale wakati wanapita.