Gari Alilorudi Nalo Abdullatif

Alhamisi moja ya Aprili, mwaka 2005, Abdullatif alikuja kwetu Al Twar na gari jekundu la Kimarekani, la milango miwili, alilolitoa bandarini Jebel Ali asubuhi ile ile. Watoto wa jirani walilizunguka. Mimi na wifi yangu Maha tulikuwa ndani tukichambua mchele. Wifi alikuwa bado yumo edani. Mumewe, Humam, alikuwa kaka yangu.

Humam na Abdullatif walikuwa na gereji yao Rashidiya. Januari walikwenda Marekani pamoja kununua magari ya zamani yenye injini kubwa. Akarudi mmoja.

Kaka alikuwa akinieleza kwa simu jinsi magari yale yanavyoendeshwa kwenye theluji. Yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yote nzito iko mbele. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, nyuma kunakwenda kunakotaka. Ndiyo maana watu wa huko hutia mifuko ya mchanga kwenye buti. Na likikwama, mmoja husukuma na mwengine hukanyaga pole pole.

Abdullatif alitwambia gari hili hili jekundu lilikwama kwenye theluji usiku, barabara ya mashamba. Humam akashuka kusukuma. Halikutoka, akaondoka kwa miguu kutafuta msaada. Asubuhi alikutwa ameganda.

Wifi alimwita dirishani, akazungumza naye nyuma ya pazia.

"Gari halikutoka?"

"Halikutoka, shemeji."

"Basi wewe ulifikaje mjini usiku ule?"

Akasema alibebwa na mpita njia. Wifi akamtaka aweke mkono juu ya gari, aape. Akaapa. Mimi niliuona mkono wake juu ya bati lililokuwa likichoma kwa jua.

"Khalas, yamekwisha," wifi akasema. "Kama ulimwacha, nawe uachwe."

Tangu wiki ile gari likaharibika tabia. Lami kavu, saa sita ya mchana, nyuma linateleza kama barabara imemwagiwa sabuni. Mara mbili lilipanda ukingo. Fundi wake, Mkenya mmoja jina lake Jotham, alibadilisha tairi, akabadilisha springi, akafungua ekseli. Hakuona ubovu.

Jotham mwenyewe ndiye aliyenihadithia kilichomtoa kwenye kazi ile. Ilikuwa Juni, joto ambalo spana ukiisahau juani huigusi tena. Alikuwa amelala chini ya gari, akadondokewa na maji kwenye paji la uso. Maji baridi. Akapapasa nyuma ya gurudumu. Akatoa donge la barafu, kubwa kama ngumi. Ndani yake mlikuwa na unywele mmoja mweusi.

Alimwambia Abdullatif, "Bosi, hii gari irudishe kwenye ilitoka." Akaambiwa afunge mdomo.

Nami nilifurahi. Sioni haya kulisema. Kila nikisikia gari limemyumbisha, usiku ule nililala vizuri.

Julai, Abdullatif aliamua kwenda kulitupa. Alitoka peke yake baada ya sala ya adhuhuri, akashika njia ya jangwani nyuma ya Jebel Ali. Alasiri dereva wa lori la maji alimkuta amelala kifudifudi mchangani. Siku hiyo joto lilifika digrii arobaini na saba. Vidole vyake vyote vilikuwa vyeusi. Daktari aliuliza mara mbili mgonjwa huyu ametolewa wapi, maana vidole vile vimekufa kwa baridi.

Alituita hospitali. Wifi alikuwa keshatoka eda. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Lilitoka," Abdullatif akanong'ona. "Humam alisukuma, likatoka. Nikamwona kwenye kioo, anakimbia, kanyanyua mkono. Nilijua nikisimama litazama tena. Halafu nikajua nisiposimama, gereji ni yangu."

Mimi nikamuuliza kilichomfika jangwani.

Alisema gari liliteleza likatoka barabarani, likazama. Akashuka. Akapiga magoti nyuma, anafukua mchanga kwa mikono. Akasikia mlango unafungwa. Injini ikanguruma. Mchanga uliomrukia ulikuwa baridi, unauma.

"Nikaambiwa, sukuma."

"Na nani?"

Akageukia ukutani. Alisukuma, alisema. Gari likatoka. Akalikimbilia, kanyanyua mkono. Halikusimama.

Alikufa kabla ya alfajiri. Wifi hakumwombea rehema. Wala mimi.

Gari lilikutwa hatua mia mbili mbele ya pale alipoanguka, mahali pagumu, mafuta yamekwisha. Alama za tairi zilikwenda moja kwa moja, hazikuyumba hata kidogo. Hapakuwa na nyayo za mtu aliyeshuka.

Lilipoletwa kwetu, maana nusu yake ilikuwa ya kaka, nilifungua mlango nikaingia. Abdullatif alikuwa mfupi. Akiendesha, kifua chake kilikaribia kugusa usukani. Lakini kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, na kioo cha kutazamia nyuma kimeinuliwa. Kaka yangu alikuwa na futi sita na inchi tatu.

Nikakivuta kiti mbele. Hakikusogea. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikanyoosha mguu, pedeli sikuifikia.

Wifi alikuwa amesimama nje, ameshika mlango.

"Shuka, Tufaha," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kina mwenyewe."