Mtambo wa Kutufikisha Kisumu

Kila alfajiri Dhahabu aliamka kabla kuku hawajafunguliwa. Alijaza maji kwenye birika na kumpelekea nyanya yake, Bi Mwanabibi, ili atawadhe. Nyanya alikuwa mzee na mgongo ulimsumbua, lakini sala haikumpita. Akishamaliza kuswali aliinua mikono na kuwaombea watu wa nyumba nzima, kila mtu kwa jina lake, na siku nyingine hata mbuzi. Dhahabu alijikunja mlangoni akisikiliza mpaka jina lake litajwe, kisha akachukua ufagio na kwenda kufagia uwanja.

Hivyo ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwao Likoni. Lakini katika likizo ya Agosti mwaka wa 1996, dua ya Nyanya iliongezeka jina. Mwanatatu, dada mkubwa wa Dhahabu aliyeolewa Kisumu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Siku ya Jumamosi ingefanywa akika, karamu ya kumshukuru Mungu kwa mtoto huyo, na Nyanya alitaka kumpakata kitukuu chake siku hiyo hiyo.

Mabasi yalikuwepo, lakini Nyanya hakuweza kuketi kutwa nzima. Ndiyo maana Mwidani, baba yake Dhahabu, ambaye alikuwa fundi wa magari, alikuwa ameshughulika miezi mingi na gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Alilitoboa madirisha ubavuni, akaweka kitanda cha Nyanya, viti, pipa la maji na jiko la mafuta ya taa. Lilikuwa nyumba yenye magurudumu. Kasoro yake ni kwamba picha ya mkate haikufutika vizuri, na kila liliposimama, watu walilikimbilia kuulizia mkate wa asubuhi.

Baba hakuwahi kuvuka Voi. Alihitaji kitu cha kumwonyesha njia. Rafiki yake Kefa, aliyefanya kazi na wapima ardhi, akaleta mtambo mdogo unaotoshea mkononi. Alieleza kuwa mtambo huo hupata habari kutoka kwenye setilaiti zilizo juu angani, na kwa hiyo humwambia mtu mahali alipo na upande anaotakiwa kwenda. Kefa alizungumza polepole akionyesha kitufe kimoja kimoja. Mwanarusi, binamu yake Dhahabu, alichuchumaa karibu yake akisikiliza. Dhahabu naye alikuwa amekwisha kuushika mtambo na kuuinua juu ili watoto wa jirani waliokaa ukutani wauone.

Mwanarusi hakuutamani mtambo. Yeye alipenda ramani. Mwalimu wao alikuwa amewaazima ramani kubwa ya barabara, na Mwanarusi aliikunjua sakafuni akatembeza kidole kutoka Mombasa hadi ziwani, akisoma majina ya miji kana kwamba anawaita watu.

Baba akaamua kuvijaribu vyote viwili. Kefa angechagua mahali, na kila msichana angempeleka Baba hapo. Atakayefika ndiye atakayeketi kiti cha mbele hadi Kisumu, na kitu chake ndicho kitakachotumiwa. Dhahabu aliposikia habari ya kiti cha mbele, hakutamani kitu kingine duniani.

Mwanarusi alianza. Kefa alimwambia kwamba wanakwenda kwenye shamba la Mzee Mwarandu, huko Mtongwe. Ramani iliwafikisha Mtongwe, lakini Mtongwe yenyewe ilikuwa nukta tu karatasini. Kwenye uwanja wa mpira Mwanarusi aliinua macho akasema, "Ami, hapa ramani imekwisha. Sijui tena. Tuulize." Baba akacheka, akageuza gari. Dhahabu alimsubiri binamu yake uwanjani nyumbani na kumwambia kwamba karatasi yake ingefaa zaidi kufungia bajia.

Zamu yake ilipofika, Kefa alikuwa ameshaliweka shamba lile ndani ya mtambo. Pale uwanjani kioo kiliandika jina la Mwarandu na kuonyesha mshale. Dhahabu aliingia garini, akauweka mtambo mapajani na kuufunika kwa mikono ili asiuone mtu mwingine. Hawakufika mbali mshale ukapotea. Kioo kikawa kitupu.

Alitaka kusema. Kisha akakumbuka kwamba shamba la Mzee Mwarandu alilijua. Alikuwa amekwenda huko na rafiki zake kuchuma zambarau, wakafukuzwa na mbwa. Basi akawa anainama juu ya kioo kitupu na kusema, "Kulia, Baba. Sasa kushoto penye kisima." Walifika moja kwa moja hadi kwa mbwa yule yule.

Nyumbani kulikuwa na furaha kubwa. Baba alimsifu mbele ya majirani na akairudisha ramani kwa mwalimu siku hiyo hiyo, akieleza kuwa hawaihitaji. Mwanarusi alimpa binamu yake mkono wa hongera. Mkono huo ndio uliomchoma Dhahabu, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Usiku ule aliposikia jina lake katika dua ya Nyanya, alijifunika shuka hadi kichwani.

Waliondoka alfajiri ya Jumatano. Nyanya alisoma dua ya safari kabla ya gari kuingia kwenye feri. Mbele waliketi Baba na Dhahabu. Nyuma Mama, Nyanya na Mwanarusi, wakizungumza nao kupitia kidirisha kidogo. Barabara ya Nairobi ilikuwa moja tu, na vibao viliandikwa kwa herufi kubwa. Dhahabu alivisoma vibao kwa mbali, akainamia mapajani, kisha akatangaza, "Mtambo unasema bado kidogo tufike Maungu." Nyanya alisema alhamdulillahi kila mara. Walipika wali kando ya njia, wakalala Mtito Andei ndani ya gari lao, Mama akiimba na Nyanya akimkosoa maneno ya wimbo. Ilikuwa safari tamu, isipokuwa kwa yule aliyeketi mbele.

Nairobi ilikuwa na njia nyingi kuliko vibao. Baba aliuliza aende wapi, na magari ya nyuma yakapiga honi. Dhahabu alitazama kioo kitupu, akajibu, "Kushoto." Baada ya kona kadhaa walijikuta katikati ya soko, wamezungukwa na marundo ya kabichi. Mwanamke mmoja muuzaji, jina lake Nduku, aligonga mlango.

"Mzee, mkate ni pesa ngapi?"

"Hatuuzi mkate, mama. Tunakwenda Kisumu, Nyanya akaone kitukuu chake."

Nduku alitazama kabichi zake, akatazama gari, akacheka hadi akashika kiuno. "Kisumu? Basi mmekuja kuiaga Nairobi yote kwanza." Aliwaeleza njia ya Naivasha, akamtilia Nyanya kabichi moja dirishani iwe zawadi ya kitukuu.

Baba aliuliza mtambo ulikuwa na nini. Dhahabu alisema ulikuwa umewatafutia njia ya mkato. Mwanarusi aliinua uso kwenye kidirisha. Alimtazama tu.

Alasiri walifika Naivasha. Anga lilikuwa zito kwa mawingu, jua halionekani upande wowote. Baba alisimamisha gari mahali pa wazi kando ya ziwa ili waswali. Mama alimshusha Nyanya polepole. Nyanya alipoona maji uso wake ulichangamka. Alitandika mswala wake maji yakiwa mkono wa kulia, kama alivyozoea miaka yote kule Likoni, ambako mtu akielekea kibla bahari huwa kuliani kwake. Baba naye akatandika hivyo hivyo.

"Lakini ami," alisema Mwanarusi, "hii si bahari yetu."

Nyanya akasita. Kweli, ziwa si bahari, na mtu hawezi kuyauliza maji. Akageuka.

"Dhahabu."

"Abee, Nyanya."

"Hebu mtazame mwenzio huyo wa setilaiti. Kibla chetu kiko hivi nilivyosimama?"

Lilikuwa jambo la kuitikia kwa kichwa tu. Hakuna ambaye angejua. Dhahabu aliushika mtambo, kioo kitupu kikimtazama. Baba yake alikuwa ameweza kumdanganya. Lakini mbele yake alisimama kikongwe mwenye mgongo mbovu, mikono yake iko tayari kuinuliwa, naye angeswali kuelekea popote mjukuu wake atakaposema.

"Sijui, Nyanya," alisema, na machozi yakamtoka. "Mtambo hausemi kitu. Haujasema kitu tangu nyumbani. Hata kwa Mzee Mwarandu nilikwenda kwa sababu nilipajua. Na Nairobi nilibahatisha."

Baba aliuokota mswala wake. Alimuuliza Dhahabu kama alielewa kwamba ramani ilirudishwa kwa neno lake, na kwamba wangeweza kuikosa akika kwa neno hilo hilo. Dhahabu alisema ameelewa. Baba akamwambia kwamba kiti cha mbele si chake tena. Dhahabu akaitikia, na ajabu ni kwamba alihisi kifua kimekuwa chepesi.

"Aliyoyasema ameyasema," alisema Nyanya. "Wakati wa sala unapita. Nani anajua mtambo huu una ugonjwa gani?"

Mwanarusi akajongea. Alisema Mjomba Kefa aliwaeleza kwamba mtambo lazima uione mbingu. Ukifunikwa, hausikii setilaiti. Na tena, mshale wake hauaminiki mtu akisimama, lazima atembee.

"Uliyajua haya siku zote?" Dhahabu aliuliza.

"Nilidhani na wewe unayajua. Wewe ndiye uliyekuwa na mtambo."

Dhahabu alifungua viganja. Waliuweka juu ya boneti, peupe, wakasubiri. Walisubiri sana, Nyanya akiwa ameketi kwenye kiti chake akivuta uradi kwa tasbihi. Kisha kioo kikaamka. Dhahabu akauchukua kwa mkono ulionyooka mbele kama aliyebeba kikombe cha uji wa moto, akaanza kutembea. Mwanarusi alimfuata akisoma kioo, Mama akafuata na mikeka, Baba akimwegemeza Nyanya. Wakaenda hivyo nyasini, msafara wa watu watano nyuma ya kidude kimoja, mpaka mchungaji mmoja wa mbuzi akasimama kuwashangaa.

"Kaskazini ni huku, na kibla chetu ni kaskazini," alisema Dhahabu, akinyoosha mkono. Maji yalikuwa kushoto.

Nyanya alitazama mswala wake kule alikouacha, umeelekea upande mwingine kabisa. Akaanza kucheka, taratibu kwanza, kisha mabega yote yakatikisika. "Wallahi, ningekipa kibla kisogo," alisema. "Nami najiona mjuzi." Baba aliongeza kwamba, kwa vile wako bara, magharibi ya pwani, waelemee kulia kidogo. Wakaswali. Dhahabu alisujudu kwa muda mrefu kuliko wote, na alichomwambia Mola wake pale nyasini ni siri yake.

Mjini Naivasha, Baba alinunua ramani kwenye kituo cha petroli. Mwanarusi aliketi mbele, na mtambo ukawekwa chini ya kioo cha mbele cha gari ambako uliiona mbingu bila kizuizi. Dhahabu alisimama kwenye kidirisha akisoma mtambo kutoka nyuma, binamu yake akisoma ramani. Mtambo uliwaambia walipo, ramani ikawaambia barabara, na palipokuwa na mashaka Mwanarusi alimwambia Baba asimame aulize. Walilala Nakuru. Ijumaa jioni waliingia Kisumu, kabichi ya Nduku ikiwa bado nzima.

Siku ya akika Nyanya alimpakata kitukuu chake kuanzia asubuhi, na aliyetaka kumpokea alipewa jibu kwamba asubiri. Baada ya chakula, Lewa, mume wa Mwanatatu, alilizunguka gari lile kwa hamu. Alisema na yeye anataka kutengeneza lake ili aizungushe familia yake nchini. Waliporudi ndani akamuuliza Baba anunue nini cha kumwongoza. Baba alimwelekeza kwa Dhahabu.

Watu wote ukumbini wakamgeukia. Dhahabu alimwangalia Mwanarusi kwanza.

"Ukiweza, shemeji, nunua vyote viwili. Mtambo unajua ulipo, lakini haujui mlima wala mto. Ulituonyesha Kisumu moja kwa moja, kana kwamba tuna mbawa. Ramani inajua barabara, lakini haijui uko wapi juu yake."

"Na nikiweza kimoja tu?"

"Ramani. Na umsikilize anayekufundisha kuisoma, usiwe unawaringia majirani. Mimi mtambo haukuniharibikia. Niliufunika mwenyewe."

Lewa alicheka, akasema amesikia. Nyanya aliinua uso kutoka kwa mtoto.

"Mtambo ule ulipokosa njia, ulituonyesha kioo kitupu," alisema. "Haukubahatisha, wala haukuona haya. Aliyeona haya ni mjukuu wangu, na haya yake ikatupeleka kwenye kabichi. Siku aliyosema hajui, sote tuliinuka tukaenda kutafuta pamoja naye, na tukapata. Wanangu, mkiulizwa msilolijua, semeni hivyo mapema, watu wangali wanaweza kuwasaidia. Mungu hupenda mkweli, na msafiri humhitaji."

Kisha akamwita Dhahabu aketi karibu yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akakubali kumtoa mtoto mikononi mwake.